Je, wajua? Fedha za utafiti wa baridi yabisi hazifuati wingi wa wagonjwa

Wengi huamini kwamba serikali inapotenga fedha za utafiti wa tiba, wakubwa huketi na orodha ya magonjwa, wakatazama upi una wagonjwa wengi, kisha kila ugonjwa ukakatiwa fungu lake. Nchini Marekani, penye mfuko mkubwa kuliko yote wa umma wa utafiti wa tiba, yaani Taasisi za Taifa za Afya (NIH), mambo hayaendi hivyo. Hakuna meza inayoamua kwamba mwaka huu gauti ipate kiasi hiki na soriasisi kiasi kile. Bunge hupitisha jumla ya fedha za kila taasisi iliyo ndani ya NIH. Zile takwimu za "lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) ilipata dola milioni kadhaa" hupatikana baadaye, miradi ikishalipwa na kupangwa kwa majina ya magonjwa, na mradi mmoja unaweza kuhesabiwa chini ya magonjwa matatu kwa mpigo. Kwa hiyo ukizijumlisha hupati bajeti ya kweli.

Imani hiyo ina mzizi, kwa sababu mara chache Bunge huutaja ugonjwa kwa jina. Sheria ya mwaka 2001 kuhusu magonjwa ya kurithi ya kudhoofika kwa misuli iliagiza vianzishwe vituo maalumu vya utafiti, ambavyo baadaye vilipewa jina la seneta Paul Wellstone. Lakini hiyo si njia ya kawaida.

Tena kugawa kwa idadi ya wagonjwa kungekosesha mengi. Maabara ya mtafiti John O'Shea, ndani ya NIH, ilikuwa miongoni mwa zilizoitambua protini ya JAK3 mwaka 1994. Swali lao halikuwa la magoti wala vidole. Walitaka kujua seli za kinga hupokeaje amri. Mwaka 2012 dawa ya tofacitinib, inayozuia protini za jamii hiyo, iliidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi. Mwaka 2022 dawa nyingine za kundi hilo hilo ziliidhinishwa kwa upotevu wa nywele unaosababishwa na kinga ya mwili, na kwa mbalanga. Utafiti huo ungewekwa kwenye fungu la ugonjwa gani mwaka 1994?

Taasisi inayohusika hasa ni NIAMS, ya baridi yabisi na magonjwa ya mifupa, misuli na ngozi. Ilianza kujitegemea mwaka 1986, baada ya mada zake kukaa miaka mingi chini ya paa moja na kisukari, figo na tumbo. Mwaka wa fedha wa 2023 ilipata dola milioni 685 hivi, wakati NIH nzima ilipata zaidi ya bilioni 47. Sehemu kubwa hutoka nje kwenda vyuo vikuu na hospitali, na mlango wa kutokea ni ombi.

Ombi la kawaida la mradi, liitwalo R01, lina ukurasa 1 wa malengo na kurasa 12 za mpango wa utafiti. Hudumu hadi miaka 5. Ombi jipya hupelekwa tarehe 5 ya Februari, Juni au Oktoba. Anayeomba hadi dola 250,000 kwa mwaka za gharama za moja kwa moja kwa kawaida huandika bajeti ya mafungu ya 25,000. Akizidi hapo, aeleze kila kitu kwa kina.

Hapa ndipo pana utaratibu ninaouona mzuri sana: kwa kawaida wanaotoa alama hawashiki fedha. Ombi huenda kwenye jopo la wanasayansi kutoka nje. Watatu hulisoma kwa undani. Takriban nusu ya maombi, yale yanayoonekana dhaifu tangu mwanzo, hayajadiliwi, ingawa waombaji hupata maoni ya maandishi. Yanayobaki hujadiliwa na jopo zima, na kila mjumbe hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora. Wastani huzidishwa kwa 10. Maofisa wa taasisi wanaweza kuketi na kusikiliza, ila hawapigi kura, na mjumbe mwenye maslahi hutoka nje.

Lakini alama hiyo pekee haitoshi. Mwanafunzi mwenye 62 katika shule ya wasahihishaji wakali anaweza kuwa wa pili darasani, na mwenye 80 kwa wasahihishaji wapole akawa wa ishirini, ndiyo maana mzazi huuliza, "Umekuwa wa ngapi?" NIH nayo huuliza hivyo kwa R01. Ombi hupangwa nafasi miongoni mwa yote yaliyopitiwa na jopo lilelile katika vikao vitatu, cha sasa na viwili vilivyotangulia, pamoja na yale yasiyojadiliwa. Kwenye nafasi hutolewa 0.5, jibu hugawanywa kwa idadi ya maombi, kisha huzidishwa kwa 100 na kupandishwa hadi namba kamili. Tuseme majopo mawili yana maombi 150 kila moja, na ombi fulani lina alama 28. Kwa jopo kali likiwa la 12, tunapata 11.5 kwa 150, yaani 8. Kwa jopo pole likiwa la 42, tunapata 28. Alama ni moja, lakini 8 iko pazuri na 28 iko mashakani.

Baada ya hapo huja baraza la ushauri, ambalo theluthi yake hivi ni watu wasio wanasayansi, wakiwemo wanaotetea wagonjwa. Kisheria ombi linahitaji kupita ngazi zote mbili. Baraza halitoi alama upya. Huuliza kama mradi unafaa malengo ya taasisi.

Maombi huanguka kwa makosa yanayojirudia. Lengo la pili hutegemea la kwanza lifaulu, hivyo moja likikwama yote yamekwama. Idadi ya wagonjwa au panya haina hesabu ya kuitetea. Usagikaji wa viungo, ugonjwa wa uzeeni, unachunguzwa kwa panya wachanga tu. Au panya ni wa jinsia moja bila sababu, ilhali katika lupasi takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Je, namba hizi za nafasi hutabiri matokeo? Ushahidi umegawanyika. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa miradi zaidi ya 130,000 uliona waliopata namba bora walizaa machapisho na hataza zaidi. Wengine walizirudia takwimu hizo mwaka 2016 wakitazama miradi yenye namba 20 au bora zaidi tu, wakakuta namba karibu haitofautishi kitu. Na chambuzi zote mbili ziliona miradi iliyolipwa pekee. Iliyonyimwa ingezaa nini, takwimu hizo haziwezi kusema.

Kwa hiyo aliyekosa kwa pointi chache hana sababu ya kulitupa wazo lake. Anaruhusiwa kulirudisha ombi mara moja ndani ya miezi 37, akiongeza ukurasa 1 wa kujibu hoja za jopo. Likikosa tena, anaweza kuliandika kama ombi jipya.