Kiganja cha bibi si kipimajoto: maswali ya kina mama kuhusu joto la mtoto mchanga

Ukikaa kwenye benchi la kliniki hapa Dodoma, hasa kuanzia Juni upepo wa baridi unapoanza, utasikia maswali haya kabla jina lako halijaitwa.

Mama mkwe akimgusa mtoto kwenye paji anasema ana homa. Kipimajoto cha nini tena?

Mama mkwe hakosei kila mara. Tatizo ni kiganja chenyewe: kikitoka kufua kwa maji ya baridi, kila mtoto kitamwona wa moto, kikitoka kukoroga ugali, hata mwenye homa kitamwona mzima. Mguso wake uwe sababu ya kwenda kuchukua kipimajoto, usiwe sababu ya kukimbilia duka la dawa.

Ninunue kipi?

Cha betri chenye ncha, kinachowekwa kwapani na kulia kikimaliza. Vile vya kuelekeza kwenye paji tulivizoea wakati wa Korona, na kweli vina haraka, lakini jasho, jua na upepo huvivuruga. Vya sikioni havimfai mtoto mchanga kwa sababu tundu la sikio lake ni dogo mno. Kupima mdomoni hapana, na kupima kwenye njia ya haja kubwa waachie wahudumu wa afya, kwani ukikosea unaweza kumjeruhi.

Kama bado una kile cha kioo chenye zebaki, kistaafishe. Kikivunjika, usifagie wala usishike zebaki kwa mikono. Toa watoto chumbani, fungua madirisha, kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, tia kwenye chupa yenye kifuniko, kisha uliza kituo cha afya pa kuipeleka.

Nipimeje ili namba iwe ya kweli?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kwanza mtoto awe ametulia. Kama ametoka kuogeshwa, ameshinda mgongoni kwenye mbeleko juani, au amelia mpaka amelowa jasho, subiri kama dakika ishirini. Mpakate, mvue nguo upande mmoja, futa kwapa likauke. Ncha iguse ngozi katikati kabisa ya kwapa, isichungulie kwa nyuma wala isishike shati. Shusha mkono wake ubane kifuani, uushikilie taratibu. Ukiweza mnyonyeshe wakati huohuo. Akinyonya hapigi mateke. Usikitoe mpaka kilie. Kuna anayekichomoa baada ya sekunde chache kwa kuwa namba "imesimama", kumbe bado ilikuwa inapanda.

Baadaye osha ncha kwa sabuni na maji ya kawaida. Usikichemshe.

Changu kimeonyesha 98.6! Nimkimbize hospitali?

Pumua, mama. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, na 98.6 ni sawa na 37 ya Selisiasi, joto la kawaida. Vipimajoto vingi vina kitufe cha kubadilisha. Tazama herufi ndogo pembeni ya namba, C au F.

Homa inaanzia wapi?

Kwapani, joto la kawaida la mtoto mchanga ni kuanzia 36.5 hadi chini kidogo ya 37.5. Likifika 37.5 au zaidi tunahesabu kuwa ni homa. Namba ya mpakani pima tena, lakini usiongeze nusu nyuzi kichwani mwako eti kwa kuwa umepima kwapani. Sema namba uliyoiona na mahali ulipopima, mhudumu atajua la kufanya.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili hakuna kusubiri asubuhi: 37.5 na kuendelea ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku. Na wengi hawajui kwamba baridi nayo ni hatari. Akiwa chini ya 35.5 ni dharura vilevile. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike nyote wawili, muondoke kwenda hospitali.

Kijibaridi cha Julai, mtoto nimemvalisha vizuri, halafu anachemka. Ni homa?

Nimemwona mama mmoja ametoka Chamwino kwa basi, mtoto wa miezi mitano ana kofia ya sufu, sweta mbili na shuka juu. Kwapani 37.8. Tukamvua ya ziada, akakaa kivulini, akanyonya. Baada ya dakika ishirini, 37.1. Ndiyo maana na muuguzi hupima mara mbili. Ila kama mtoto bado hajafikisha miezi miwili, kushuka huku kusikurudishe nyumbani, aonwe kwanza.

Nimpe dawa gani?

Chini ya miezi miwili usimpe dawa ya homa kabla hajaonwa. Aliyezidi hapo, parasetamoli hutolewa kwa uzito wake, si kwa kijiko cha chai. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huweza kuleta joto la siku moja au mbili. Likizidi hapo, rudi. Ila wa chini ya miezi miwili, kama yule wa wiki ya 6, akifika 37.5 aonwe bila kusubiri. Malaria Dodoma si nyingi kama Kanda ya Ziwa, lakini haijaisha, kwa hiyo akipimwa damu usinung'unike.

Umri wowote, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, weka kipimajoto chini uondoke, namba iwe yoyote.

Nikifika zahanati niseme nini?

Usiseme "alikuwa wa moto sana." Andika nyuma ya kadi ya kliniki au kwenye simu: saa nne usiku, kwapani, 38.2, kabla ya dawa. Halafu saa kumi alfajiri, 37.9, baada ya dawa.