Mmea Mmoja, Nguvu Tofauti

Mtu akiniletea majani makavu na kuniuliza kama ni dawa nzuri, jina la mmea pekee halinitoshi. Namuuliza ulimea wapi, ukavunwa lini.

Chukua chungwa. Wengi huamini ganda la kijani ni dalili ya uchanga, na miaka nenda rudi nimekuwa nikiwapinga. Kijani hicho ni klorofili, nayo huvunjika vizuri usiku wenye ubaridi. Penye joto mwaka mzima, chungwa huiva, likajaa maji na utamu, huku ganda limebaki kijani. Yale yenye nyama nyekundu kama damu nayo huhitaji baridi. Mwaka 2012 watafiti walieleza sababu: jeni iitwayo Ruby, inayowasha rangi hiyo, huamshwa na baridi. Kwenye joto jeni imo mtini vilevile, ila haifanyi kazi yake ipasavyo.

Kwenye dawa, tofauti ya namna hii haionekani kwa macho, na ndiyo inayoninyima usingizi. Artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutengenezwa katika vitezi vidogo sana juu ya majani ya Artemisia annua. Kwa kawaida huwa nyingi mmea unapokaribia kutoa maua au unapoanza tu kuyatoa, kisha hupungua. Anayechelewa kuvuna hupata majani yaleyale, dawa pungufu.

Ukame kiasi huweza kuongeza ukali wa mimea mingi ya dawa, lakini usikimbilie kuinyima maji, maana majani nayo huweza kupungua. Kilo 100 za majani yenye asilimia 1 ya dawa zina kilo 1 ya dawa. Kilo 50 zenye asilimia 1.5 zina gramu 750 tu.

Si kila tofauti hutokana na udongo au hewa. Zaatari moja, ule mmea wa kiungo, hunukia thimoli, kemikali yenye harufu kali, nyingine linaloli, yenye harufu laini, na hiyo ni asili ya mbegu. Namna ya kutambua ni kukata vipandikizi kutoka mashamba mawili, kuvipanda tuta moja na kuvitunza sawasawa. Tofauti ikitoweka, ilitoka shambani. Ikidumu, imo ndani ya mmea wenyewe, na hapo kubadilisha mbolea hakutasaidia: tafuta mche mwingine.