“Nitatumika mambo yakitulia,” na dhana nyingine zinazonichosha wodini

Wiki hii nimeisikia mara tatu, kwenye vitanda vitatu tofauti: “Mchungaji, niombee hili lipite, nirudi kumtumikia Mungu.” Kuomba naomba. Kinachonichosha ni hiyo “nirudi”. Anayeisema huwa ni mtu wa kanisa kwelikweli: mwanakwaya, mzee wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Kwake yeye ugonjwa, kuachishwa kazi au kumuuguza mzazi ni mabano tu, na huduma iko nje ya mabano. Wala simlaumu sana, maana aliyemfundisha hivyo ni sisi wahubiri.

Dhana: Huu ni msimu wa kusubiri, huduma itaendelea mambo yakitulia

Mstari unaobebeshwa mzigo huu ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Uko kwenye kadi za pole, kwenye kalenda, kwenye simu za wagonjwa wangu. Sijawahi kukuta kadi yenye mstari wa 10. Mstari wa 10 unataja miaka 70.

Ile ilikuwa barua ya nabii Yeremia, na wenyewe walioandikiwa wanajulikana: watu wa Yuda waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme wao Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Maisha yao yalikatizwa kuliko yako na yangu: nyumba, mashamba, hekalu, vyote vilibaki nyuma. Aliyeisoma barua ile akiwa na miaka 40 hakuwa na hesabu yoyote ya kurudi kwao akiwa hai. Sasa angalia wanachoambiwa kabla hata ya kufika kwenye ahadi. Mstari wa 5: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake. Mstari wa 6: oeni, zaeni, ozesheni watoto wenu. Wa 7: utakieni amani mji ule na kuuombea, maana katika amani yake nanyi mtapata amani. Mji wenyewe ni wa adui! Hakuna mahali wanapoambiwa wafunge mizigo na kukaa juu yake.

Aliyewaahidi kwamba mambo yatatulia karibuni alikuwepo, tena alipendwa. Soma sura ya 28. Nabii Hanania aliivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya utawala wa Babeli, mbele ya watu wote, akatangaza miaka miwili tu kila kitu kitarejea. Alikuwa nabii wa uongo na akafa mwaka uleule. Kila ninapomsikia mtu akimwambia mgonjwa, “Mungu amenionyesha, mwezi ujao utakuwa umesahau haya yote,” namkumbuka Hanania, na nakiri kwamba uso wangu hauwezi kuficha.

Hasara ya dhana hii si ya kinadharia. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mguu umefungwa plasta, akanililia kwamba miezi inapita na yeye hana huduma. Jirani yake wa kitanda cha kulia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na kila jioni ni huyuhuyu wa plasta aliyekuwa akimsomea jumbe za simu kutoka kwa watoto wake na kumwandikia majibu. Nikamuuliza, na hiyo je? Akasema, “Aa, hiyo ni kusaidiana tu.” Kwake huduma ilikuwa na ratiba, sare na kipaza sauti.

Yusufu alikuwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Mwanzo 40 inasema asubuhi moja aliziona nyuso za wafungwa wawili zimekunjamana, akawauliza kulikoni. Swali hilo lilihitaji macho tu. Mtu aliyejifungia kwenye mabano yake hazioni nyuso za wenzake. Anahesabu siku zake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule, na wauguzi wananitania kwa ajili yake: parokia yako leo ni mita mbili kulia na mita mbili kushoto. Kama uko kitandani, nani yuko kitanda cha pili? Kama huna kazi, nani mwingine yuko kwenye ile foleni ya kupeleka barua za maombi, na hajui kuandika yake? Kama unamuuguza mzazi, yule jamaa mnayekutana naye kila siku ya kliniki anaitwa nani? Anza na jina. Ukishalijua jina, kazi yenyewe huwa inajitokeza.

Dhana: Kila kinachokatiza mipango yangu ni shetani anapigana na baraka zangu

Paulo anajibu hili akiwa mtu mmoja mwenye majibu matatu. Katika 1 Wathesalonike 2:18 anasema Shetani alimzuia asifike. Katika Matendo 16:6-7 aliyemzuia kuhubiri katika jimbo la Asia ni Roho Mtakatifu. Katika Warumi 15 alizuiwa asifike Rumi kwa sababu alikuwa na kazi nyingi kwingine. Kwa hiyo usikimbilie kukemea. Wakati mwingine unakemea ratiba yako mwenyewe. Na kabla hujamtafutia mgonjwa dhambi iliyofungua mlango, soma Yohana 9:3, Yesu anaposema kipofu yule hakutenda dhambi wala wazazi wake, kisha nyamaza.

Dhana: Nikiwahudumia wengine, Mungu atanirudishia changu haraka

Hii huhubiriwa kutoka Ayubu 42:10: aliwaombea rafiki zake, uteka wake ukageuzwa, yaani akarudishiwa alivyopoteza. Basi watu wanawaombea wenzao huku jicho moja liko kwenye saa. Rudi mistari miwili nyuma. Maombi yale yaliagizwa kwa ajili ya wale rafiki, waliokuwa wamesema yasiyo sawa, na Ayubu hakuahidiwa chochote kabla ya kuomba. Yusufu naye, baada ya kumsaidia mnyweshaji wa mfalme, mmoja wa wale wafungwa wawili, alisahauliwa miaka miwili mizima. Ukitaka riba, nenda benki.

Dhana: Mkristo wa kweli hamkatalii mtu

Hapa nawaona wale wanaoanguka kwa uchovu, hasa wanawake ambao kila msiba, kila harusi na kila mgonjwa wa ukoo anawasubiri wao. Katika Marko 1 Simoni anamfuata Yesu alfajiri mahali pa faragha: watu wote wanakutafuta. Jibu lake ni twende vijiji vingine. Wale waliokuwa wakimtafuta walikuwa na shida za kweli, naye akaondoka. Katika Luka 12 mtu anataka awaamulie ugomvi wa urithi, naye anakataa. Lakini katika Marko 5, akiwa njiani kwenda kwa Yairo ambaye binti yake yu mahututi, anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na anampa nafasi aeleze habari yake yote. Sina kanuni ya kukupa hapo. Ninachokiona ni kwamba ile safari ya Marko 1 iliamuliwa baada ya kuomba, na haikuamuliwa na anayebisha hodi kwa nguvu zaidi.

Dhana: Mwenye imani hutumika papo hapo, hata msiba ukiwa mbichi

Hapana. Niliyoyasema juu ya mita mbili ni ya mtu aliyekwisha kugeuza miezi kuwa chumba cha kusubiria, si ya aliyezika jana. Nimewahi kumwona mfiwa akiongoza nyimbo kwenye mazishi ya mwanawe kwa sababu kikundi chake cha maombi kilimwambia ndiyo ushuhuda. Katika 1 Wafalme 19 Eliya anajilaza chini ya mti na kuomba afe. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke ale. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, chakula tena. Swali la “unafanya nini hapa, Eliya?” linamkuta kwenye mlima Horebu, baada ya safari ya siku 40.