Umealikwa harusi Oaxaca? Fika siku tatu kabla

Napanga safari za wageni wa harusi, na mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, ndio unaonipa simu nyingi. Watu huniuliza wale wapi. Mimi huanza na viatu. Mitaa ya mji mkongwe imetandikwa mawe, mji uko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake linaunguza hata kukiwa na kaubaridi. Beba viatu bapa na kofia.

Siku ya kwanza panda Monte Albán mapema, maana kule juu kivuli ni cha kutafuta. Ni mji wa Wazapoteki ulioanza yapata mwaka 500 KK, juu ya kilima walichokisawazisha kileleni. Alasiri ingia makumbusho yaliyo ubavuni mwa kanisa la Santo Domingo, ukaone dhahabu iliyofukuliwa huko Monte Albán, kwenye Kaburi la 7, mwaka 1932. Jumatatu pamefungwa. Niliwahi kupeleka kundi zima siku hiyo. Kosa langu mwenyewe.

Mlo mkubwa wa siku ni wa saa nane hadi saa kumi mchana, basi asubuhi usijishindilie. Nenda Mercado 20 de Noviembre, kwenye ujia uliojaa moshi. Unachagua tasajo, nyama ya ng'ombe iliyochanwa nyembamba kama kitambaa, inapimwa na kuchomwa ukiwa umesimama hapohapo, macho yakikutoka machozi. Tortilla, vichapati vyembamba vya mahindi, na parachichi unanunua kwa muuzaji mwingine. Soko la jirani, Benito Juárez, kina mama wanauza chapulines, panzi wakavu wenye chumvi, ndimu na pilipili. Aliyekulia Bukoba na senene hatashtuka. Mole negro, ule mchuzi mweusi wa pilipili kavu na chokoleti, huenda ukaukuta kwenye meza ya harusi, kwa hiyo mgahawani agiza coloradito, mole ya aina nyingine, nyekundu.

Ukibaki na nusu siku, nenda Teotitlán del Valle kwa wafumaji wa mazulia. Mfumaji anasaga viganjani vijidudu vikavu vya kochinili, kiganja kinageuka chekundu cha damu. Anakamulia ndimu, rangi inakimbilia chungwa.

Halafu calenda, msafara wa harusi. Dar matarumbeta hupanda pikapu. Oaxaca bendi inatembea, na wageni wote nyuma yake, pamoja na vinyago virefu vya bibi na bwana harusi vinavyochezwa na mtu aliyejificha ndani. Vikombe vidogo vya mezkali, pombe kali ya huko, vinazungushwa njiani. Asiyekunywa anashukuru tu, na ngoma inaendelea. Mara nyingi msafara huanzia nje ya Santo Domingo baada ya misa, na hapo nimewaona mabibi harusi wakivua visigino na kuvaa raba chini ya gauni.