Apt haiondoi kila unachodhani imeondoa

Baadhi ya laptopu za mtumba zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, huishia kuwekewa Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, na wanafunzi. Pamoja na Ubuntu huja apt, zana ya kusakinisha na kuondoa programu kwa kuandika amri, na pia ushauri wa bwenini kuihusu, na sehemu kubwa ya ushauri huo haina msingi.

Dhana: `sudo apt update` hupakua matoleo mapya ya programu, basi itakumalizia bando.

Amri hiyo huleta orodha ya vifurushi tu, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa. Mlafi wa bando ni `apt upgrade`, na huyo hukutajia megabaiti atakazopakua kabla ya kukuomba idhini. Anayeruka `update` ili abane matumizi hukutana na kosa la 404, kwa kuwa orodha yake ya zamani inamtuma kutafuta toleo ambalo seva imeshaliondoa.

Dhana: ukishaandika `apt remove`, programu imetoweka yote.

Hapa ndipo wengi wanapolalamika kwamba wameweka programu upya na hitilafu ni ile ile. `remove` huondoa programu lakini huacha mipangilio yake ya mfumo ndani ya `/etc`, na hufanya hivyo kwa makusudi: ukiirudisha kesho, hutaanza kuipanga upya. Ukitaka hiyo nayo iondoke, tumia `apt purge`.

Hata `purge` ina mpaka wake. Haigusi folda yako ya nyumbani, kwa hiyo mipangilio yako binafsi ya VLC, programu ya kuchezea video, kwa mfano, itabaki ndani ya `~/.config/vlc` hadi uifute mwenyewe. Programu tegemezi, yaani zile ambazo programu hiyo ilizihitaji ili ifanye kazi, pia hubaki, zikisubiri `apt autoremove`. Kuona mabaki ya mipangilio ya mfumo, andika `dpkg -l | grep ^rc` (dpkg ndiyo zana ambayo apt huitumia kusakinisha vifurushi). Kwenye mashine ya siku nyingi, orodha hiyo huwa ndefu ajabu.

Dhana: apt inajua inachofanya, wewe bonyeza Y.

Mwaka 2021, Linus Sebastian, Mkanada maarufu wa YouTube, alikuwa akisakinisha Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, mfumo wa Linux unaotokana na Ubuntu. Kifurushi kilikuwa na kasoro, na apt ikamwonya kwamba itaondoa vifurushi muhimu. Ilimtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaandika, na eneo-kazi lote (madirisha na menyu za skrini) likaondoka. Kwa maoni yangu, mstari wa vitakavyoondolewa ndio wa kusomwa kwanza. Ukitaka kujaribu bila kugusa chochote, `apt install -s vlc` huigiza tu.

Dhana: apt ikikuambia kuna kufuli, yaani programu nyingine inatumia hifadhidata ya vifurushi, futa faili ya kufuli.

Mara nyingi ni masasisho ya kiotomatiki yanayoendelea chinichini. Subiri. Kinachozuia si kuwepo kwa faili hiyo, ni programu inayoishikilia, na ukiifuta unaruhusu programu mbili ziandike kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Kama stima ilipotea katikati ya usakinishaji, dawa ni `sudo dpkg --configure -a`.

Dhana: faili ya .deb (kifurushi cha programu) uliyopewa kwa flashi lazima iwekwe kwa `dpkg -i`.

Dpkg haitafuti tegemezi, itakulalamikia tu. Andika `sudo apt install ./jina.deb`, na usisahau `./` mwanzoni, bila hiyo apt itakimbilia kutafuta jina hilo kwenye orodha yake.