Je, wajua jinsi simu mbili zisizowasiliana zinavyoweza kutoa namba zisizogongana?

Dada yangu anauza khanga Kariakoo, na ana duka jingine Mbagala. Kila duka lina simu ya kuandikia mauzo. Intaneti ikikatika kazi inaendelea, jioni hesabu zinapelekwa kwenye seva. Programu niliyomwandikia mwanzoni ilihesabu risiti 1, 2, 3. Jioni ya kwanza, risiti namba 57 ya Mbagala ikaifuta namba 57 ya Kariakoo. Doti sita za khanga hazikuonekana kwenye hesabu.

Namba za mfululizo zinahitaji mgawaji mmoja. Namba za magari hazijirudii kwa sababu zinatoka kwenye daftari moja. Simu mbili zisizo na mtandao zitalipata wapi daftari hilo?

Hapo ndipo UUID inaposaidia: namba ndefu ya utambulisho ambayo kila simu inajitungia yenyewe, bila mgawaji. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, unaandika `import uuid`, kisha `print(uuid.uuid4())`, unapata kitu kama hiki:

3f2b8c1e-7d40-4a96-b5e2-90c1d7f6a83b

Ni tarakimu 32, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f, pamoja na vistari 4. Tazama fungu la tatu: linaanza na 4, maana hili ni toleo la 4. Ndani ya kompyuta namba hiyo ni biti 128, yaani sifuri na moja 128; kati yake, 6 ni za alama kama hiyo. 122 zilizobaki zinaokotwa kwa nasibu tupu. Namba zinazowezekana ni 5 ikifuatiwa na tarakimu nyingine 36! Hata ukitengeneza bilioni 1 kila sekunde, itapita miaka kama 86 ndipo uwezekano wa kupata mbili zinazofanana ufike nusu kwa nusu.

Lakini nasibu iwe nasibu kweli. Python huichukua kwenye mfumo endeshi wa mashine. Nakusihi usitunge ya kwako kwa `random` ya kawaida: simu mbili zikianzia mbegu moja, yaani namba ileile ya kuanzia hesabu, zitatoa mfululizo uleule.

Toleo la 1 lilitumia saa, iliyohesabiwa tangu 15 Oktoba 1582, siku kalenda ya Gregori ilipoanza, pamoja na anwani ya kadi ya mtandao. Kwa hiyo lilifichua mashine iliyoitengeneza. Toleo la 7, lililoingia kwenye viwango mwaka 2024, linatanguliza muda halafu nasibu, hivyo risiti zinajipanga zenyewe kwa wakati.

Mteja hasomewi hayo yote. Risiti yake inaandikwa K-57 au M-57. UUID inabaki ndani ya seva, na khanga za maduka yote mawili zinahesabika.