Kuhosti websaiti kwenye seva ya klaudi maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia websaiti iko klaudi wanadhani inaelea tu hewani, hapana, iko kwenye kompyuta ya kweli kabisa, imefungwa kwenye raki ndani ya data senta fulani, yaani jengo la kutunzia seva, ina umeme na feni zinaunguruma mchana na usiku. Ila wewe hukodi mashine nzima. Programu maalumu imeigawa ile mashine kubwa kuwa nyingi ndogo ndogo, kila moja na RAM yake na Linux yake, unachokodi ni kipande kimoja na unalipa kwa saa au kwa mwezi. Amazon walianza kukodisha hivi mwaka 2006 na huduma yao ya EC2.

Tofauti na hosting ya cPanel (paneli ya kusimamia websaiti kwa kubofya tu), ambayo unakuta kila kitu kimeshapangwa, huku unapewa mashine tupu na IP, yaani namba ya anwani yake kwenye intaneti, basi. Unaingia kwa SSH (njia salama ya kuiendesha seva ukiwa mbali), unainstall Nginx (programu inayowapa wageni kurasa zako), unapandisha mafaili, halafu kwenye domeini, yaani jina la websaiti yako, unaweka rekodi ya A, mstari unaoelekeza jina hilo kwenye ile IP. Mteja akiandika jina la duka lako, DNS, ambayo ni kama kitabu cha namba cha intaneti, inaipa simu yake IP, simu inabisha hodi poti 443, mlango wa mawasiliano salama ya websaiti, Nginx inajibu. Cheti cha ile kufuli ya kwenye browser unapata bure kutoka Let's Encrypt, kwa kawaida kinadumu siku 90 kwa hiyo kiset kijirenew chenyewe.

Ulinzi nao ni juu yako, na hapa nasisitiza sana. Washa seva leo halafu fungua auth.log, faili linaloandika kila anayejaribu kuingia, baada ya muda kidogo tu, utakuta maboti yanajaribu kuingia kwa majina kama root (mkuu wa mashine), admin, test, yaani hayachoki. Zima kuingia kwa paswedi, tumia funguo za SSH (mafaili ya siri badala ya paswedi), washa fayawoli inayozuia miunganisho usiyoiruhusu, na bakapu iweke sehemu nyingine kabisa, sio kwenye seva hiyohiyo.

Halafu uliza seva iko wapi. Amazon wako Cape Town tangu 2020, Google walifungua Johannesburg 2024, ila wengi wetu tunakodi Ulaya kwa sababu ya bei, na hapo kila ombi la mteja wa Mwanza linavuka bahari. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, intaneti Tanzania ikasumbua vibaya. Kama wateja wako wote wako nchini, angalia na data senta za Dar kabla hujalipia mwaka mzima.